Kati ya Tuhuma na Hatia: Msamiati wa Sheria katika Uhakiki wa Fasihi

Katika makala haya tumekusudia kuchunguza kundi moja la maneno ambalo mwalimu wa fasihi, mfasiri na mtumishi wa serikali hulitumia kila siku, kila mmoja akidhani kuwa ni lake peke yake. Maneno yenyewe ni yale ya sheria na lawama, yaani tuhuma, shutuma, shtaka, kosa, hukumu na hatia. Pamoja na ndugu zao wakaao moyoni, yaani nia, dhamira, dhamiri na mgogoro. Hoja yetu ni moja. Kiswahili kimeyapanga maneno haya kama ngazi, kila neno na kidato chake. Lakini katika uhakiki wa fasihi tumezoea kuruka vidato, tukatoka kwenye tuhuma na kutua kwenye hatia kwa hatua moja. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hufikishwa kwenye hukumu kabla hajaisikia kesi, na kazi ya fasihi, ambayo uhai wake wote umo baina ya shtaka na hukumu, hugeuka kuwa orodha ya watu wema na watu wabaya.

Jambo hili si la wanafasihi peke yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi na lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutumika kwa miongo mingi katika Mahakama za Mwanzo, ilhali mahakama za juu ziliandika hukumu zao kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno anayofundishwa kijana leo katika kipindi cha fasihi ndiyo atakayoyakuta kesho akiwa karani, shahidi au mshtakiwa. Akijifunza kuyachanganya darasani, hatayatenganisha kizimbani.

Jina la shule ya Mazimbu

Tunaandika haya tukiwa Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, mahali ambapo milima ya Uluguru huonekana kila uinuapo macho. Hapa palikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ardhi hii wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC, ili wajenge shule kwa ajili ya vijana waliokimbia kwao baada ya maandamano ya Soweto ya mwaka 1976 na mauaji yaliyofuata. Shule ilianza mwaka 1978, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Solomon Mahlangu. Wenyewe walipopata njia ya kurejea kwao, majengo yalikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya wale waliofia ugenini yangali hapa.

Tumelitaja jina la shule kwa sababu ndani yake mna kesi, na ndani ya kesi mna tatizo la istilahi. Mwezi Juni 1977 Mahlangu na mwenzake Mondy Motloung walikamatwa mjini Johannesburg baada ya tukio ambalo watu wawili walipigwa risasi wakafa. Motloung alipigwa vibaya mno wakati wa kukamatwa hata akaonekana hafai kusimama mahakamani. Akabaki Mahlangu peke yake. Mahakama ilikubali kwamba si yeye aliyefyatua risasi zile. Hata hivyo alitiwa hatiani kwa kosa la kuua, kwa hoja kwamba yeye na mwenzake walikuwa na nia ya pamoja. Na tarehe 6 Aprili 1979 akanyongwa, umri wake miaka 22.

Tuyatazame maneno haya mawili: nia ya pamoja. Mkono ulikuwa wa mtu mwingine. Nia ndiyo iliyodaiwa kuwa ya wote wawili. Hapa ndipo msamiati wa moyoni ulipoingia mahakamani ukamfunga mtu kitanzi. Mwalimu anayefundisha kuwa nia, dhamira na dhamiri ni neno moja lenye sura tatu hana budi kujiuliza angeieleza vipi kesi hii kwa wanafunzi wake, hapa hapa Mazimbu, chini ya jina la aliyenyongwa.

Ngazi ya lawama

Tuanze na maneno ya nje, yale yatamkwayo. Ipo njia nyepesi ya kuyatenganisha, nayo ni kuhesabu watu wanaohitajika ili neno lipate maana yake.

Kushuku kunahitaji mtu mmoja. Mtu aweza kumshuku jirani yake miaka kumi bila kufungua kinywa. Tuhuma ni shuku iliyokwisha kusemwa na kuelekezwa kwa mtu fulani. Lakini msemaji bado hajajifunga kuithibitisha. Lawama na shutuma zinahitaji watu wawili, anayesema na anayesemwa. Mama humlaumu mwanawe kwa kutomtembelea, wala hapana sheria iliyovunjwa. Shutuma ni kali zaidi. Asili yake katika Kiarabu ni neno la matusi, na hata leo lina ukali ule ule: mwenye kushutumu hatafuti ushahidi, hutafuta maneno yatakayouma.

Shtaka ni jambo jingine kabisa, kwa sababu linahitaji watu watatu. Asili yake ni kulalamika, na mwenye kulalamika lazima awe na wa kumlalamikia. Watoto wetu wanalijua jambo hili kuliko wahakiki wengi. Mtoto anayeonewa na kaka yake husema, "Nitakushtaki kwa mama." Hasemi "nitakushutumu kwa mama", wala "nitakutuhumu kwa mama". Anajua kwamba kushtaki ni kumwita mtu wa tatu aamue, na kwamba mama naye atauliza upande wa pili kabla ya kuchukua fimbo.

Kisha kuna maneno mawili ambayo wahakiki huyasahau, ingawa ni mali kubwa ya lugha yetu. Kusingizia ni kumtwika mtu jambo ambalo msemaji mwenyewe anajua kuwa si kweli. Kusuta, kama wajuavyo watu wa pwani, ni kumkabili msengenyaji hadharani na wale walioyasikia maneno yake, ili akane au anyamaze. Kusuta hukusanya mshtaki, mshtakiwa na mashahidi, lakini hakuna hakimu. Aibu ndiyo hukumu yake. Katika tamthilia nyingi, tukio tunaloliita "mgogoro" kwa haraka ni kusuta kulikotimia.

Tukipanda zaidi tunakuta kosa, dhambi, jinai na hatia. Kosa ni neno la Kibantu, na kitenzi chake, kukosa, maana yake pia ni kupungukiwa au kutopata shabaha. Mkosaji, kwa asili hiyo, ni aliyelenga akakosa. Dhambi ni kosa mbele ya Mungu. Jinai ni kosa mbele ya dola. Hatia ni hali anayokuwa nayo mtu baada ya kosa lake kuthibitika. Kwa maneno mengine, kosa ni la mtendaji, lakini hatia hutamkwa na mwamuzi. Ndiyo maana twasema mtu "ametiwa hatiani", kwa kauli ya kutendwa, ilhali husemi mtu "ametiwa kosani". Nalo neno hukumu limetoka katika mzizi mmoja na hakimu, mahakama na hekima; lugha yenyewe inamkumbusha mwamuzi kwamba ukoo wake ni mmoja na wa mwenye busara.

Mpangilio huu hatukuutunga sisi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13 iliyomo ndani ya sehemu ya haki za binadamu iliyoongezwa mwaka 1984, imekataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka hatia yake ithibitike. Shtaka, kosa na hatia zimewekwa katika sentensi moja, kila neno mahali pake, kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukifuata. Ikiwa waandishi wa Katiba waliweza, wahakiki hatuna udhuru.

Karama, Antonio na Kinjeketile

Sasa tuingie katika kazi zenyewe. Katika kusahihisha insha za wanafunzi tumekutana mara nyingi na sentensi za namna hii: "Karama ni mtuhumiwa mwenye hatia ya kutaka kufundisha sheria." Mwanafunzi hakukosea kusoma. Amesoma vizuri riwaya ya Shaaban Robert, Kusadikika, iliyotolewa mwaka 1951. Alichokosea ni msamiati, na kosa la msamiati limekiharibu kitabu kizima.

Karama si mtuhumiwa. Tuhuma ilikwisha kupita. Yeye ni mshtakiwa: yupo mshtaki, naye ni waziri Majivuno, yupo mtu wa tatu, naye ni mfalme, lipo shtaka, nalo ni kutaka kueneza elimu ya uanasheria katika nchi. Wala Karama hana hatia, kwani hukumu bado. Kitabu karibu chote kimejengwa ndani ya nafasi hii iliyo baina ya shtaka na hukumu, na Karama anaitumia nafasi hiyo kwa namna ya ajabu. Hajitetei tu. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo kwenda kutafuta mambo ya kuifaa, wakarudi na kulipwa kifungo. Kila simulizi moja ni shtaka dhidi ya serikali iliyomshtaki. Polepole mshtakiwa amekuwa mshtaki, na mahakama imejikuta kizimbani. Msomaji aliyemwita Karama "mwenye hatia" au hata "asiye na hatia" tangu ukurasa wa kwanza hawezi kuuona mgeuko huu, kwa sababu kwake yeye kesi ilikwisha kabla haijaanza.

Hapa tuna neno la kumkosoa hata mwandishi tunayemheshimu. Majina ya wahusika wake, Majivuno na Karama, yametoa hukumu mapema. Ni desturi ya hadithi za mafunzo, na hatuilaumu desturi hiyo. Lakini mwalimu akifundisha majina tu, atakuwa ameichukua hukumu ya mwandishi na kuuacha ushahidi wake. Shaaban Robert alimpa Karama nafasi ya kusema kwa kirefu. Tusiwe wachoyo kuliko yeye.

Mfano wa pili ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotolewa mwaka 1969. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja wa mji wa Venisi, bila sifa nzuri wala mbaya. Mfasiri, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alichagua neno "mabepari", tena kwa wingi. Kwa msomaji wa wakati ule neno hilo halikuwa jina la kazi. Lilikuwa shutuma. Je, mfasiri alikosea? Kwa kipimo cha usawa wa neno kwa neno, ameongeza kitu ambacho hakikuwamo. Lakini wingi ule una kazi yake. Mtu aliyezoea kumhukumu Shylock peke yake, kwa kuwa ndiye mkopeshaji na ndiye anayedai ratili ya nyama, anakumbushwa tangu jalada kwamba Antonio na wenzake nao wamo katika biashara hiyo hiyo. Shutuma imetawanywa kwa wote kabla ya shtaka kuwekwa juu ya mmoja. Tunaona kwamba uchaguzi huo una faida na hasara, na kwamba mwalimu anayetaja faida bila hasara, au hasara bila faida, hajawatendea haki wanafunzi.

Katika onyesho la mahakama la tamthilia hiyo, Kiswahili kinaweza kumpa msomaji kitu cha ziada. Katika madai, anayefungua kesi huitwa mdai na mwenzake huitwa mdaiwa. Antonio ni mdaiwa kwa maana zote mbili: ana deni, na amefikishwa mahakamani. Neno moja limebeba mkasa wote. Na Shylock? Ameingia mahakamani akiwa mdai. Anatoka akiwa mtu aliyeonekana na kosa kubwa la kutaka uhai wa raia, bila hata kupata muda wa kukaa katika kidato cha mshtakiwa. Kama mwanafunzi anazijua ngazi, atauliza mwenyewe: huyu alishtakiwa lini? Swali hilo lina thamani kuliko insha nzima ya kumwita Shylock "katili".

Mfano wa tatu ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969 na kujengwa juu ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Humo mwishoni mhusika mkuu, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe ana mashaka nayo. Lakini anakataa, maana akilikana neno lile, adui atawaambia watoto wa kesho kwamba baba zao walikosea kupigania nchi yao. Je, Kinjeketile ni mwongo, ni mdanganyifu, ni msaliti, au ni shahidi? Tazama neno hili la mwisho. Shahidi ni anayeeleza alichokiona, na pia ni aliyekufa kwa ajili ya imani yake, kama tusemavyo Mashahidi wa Uganda. Kinjeketile wa tamthilia hii hawezi kuwa shahidi kwa maana ya kwanza, kwa kuwa hana uhakika na alichokiona; lakini anakufa akiwa shahidi kwa maana ya pili. Lugha imeweka mvutano huo ndani ya neno moja. Mhakiki anayemaliza kwa kusema "Kinjeketile ana mgogoro wa nafsi" ameutaja ugonjwa bila kumgusa mgonjwa.

Nia, dhamira na dhamiri

Tunafika kwenye maneno ya moyoni, ambako vurugu ni kubwa zaidi.

Dhamira na dhamiri zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu jambo lililofichika ndani. Kwa matumizi ya leo, dhamiri ni ile sauti ya ndani inayomwambia mtu kuwa hili ni jema na hili ni ovu. Dhamira ndiyo yenye matatizo. Katika shule za Tanzania, dhamira ni wazo kuu au mojawapo ya mawazo yanayojitokeza katika kazi ya fasihi. Nayo maudhui ni chombo kikubwa kinachobeba dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Katika shule za Kenya, mawazo hayo yanayojitokeza huitwa maudhui, na dhamira ni kusudi la mwandishi, yaani alichonuia kukifikisha. Kwa hiyo swali moja la mtihani, "Eleza dhamira ya mwandishi", lina majibu mawili tofauti kulingana na upande wa mpaka anaokaa mtahiniwa. Nje ya darasa, watu wa nchi zote mbili husema "amedhamiria" kwa maana ya kuazimia kwa dhati.

Kwa mtu wa sheria hili si jambo dogo. Katika kesi za mauaji, mahakama zetu hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Tofauti yote imo moyoni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 23, inaeleza hali ya watu wawili au zaidi wanaofanya nia ya pamoja ili kutimiza kusudi lisilo halali, kisha kosa jingine likatendeka katika kulitimiza. Hapo pana mambo mawili: nia, yaani waliyokubaliana mioyoni, na kusudi, yaani lengo walilolikabili. Mfasiri akiandika "dhamira ya pamoja" kwa lile la kwanza na "dhamira isiyo halali" kwa lile la pili, msomaji hatajua lipi ni lipi. Mahlangu alihukumiwa katika nchi nyingine na kwa sheria ya nchi hiyo, lakini kanuni ilikuwa ya ukoo huu huu. Katika jambo kama hilo, mkanganyiko wa neno si suala la ufasaha tu. Ni suala la nani anajua kwa nini amehukumiwa.

Lakini nia peke yake haiielezi kesi ile. Lipo pia jambo la dhamiri: kijana aliyeiacha shule akashika silaha dhidi ya dola la ubaguzi wa rangi, aliulizwa na dhamiri yake nini, na akaijibu nini? Mahakama ile haikuwa na nafasi ya swali hilo. Fasihi inayo. Hiyo ndiyo sababu tunataka maneno haya mawili yatenganishwe: nia ni ya kuulizwa na hakimu, dhamiri ni ya kuulizwa na mshairi, na mhakiki ni yule anayejua anaposimama mbele ya lipi.

Tukumbuke tamthilia ya Penina Muhando, mzaliwa wa mkoa huu wa Morogoro, iitwayo Hatia, ya mwaka 1972. Jina lake ni neno moja tu, bila mwenyewe. Haikusema hatia ya nani. Na neno hilo lina mahakama mbili: ile ya watu, inayotamka kuwa fulani ana hatia, na ile ya ndani, ambamo mtu hujiona mwenye hatia hata kama hapana aliyemshtaki. Mwalimu mzuri ataanza na jina hilo, aliandike ubaoni, awaulize wanafunzi: hatia mbele ya nani?

Mgogoro na mtanziko

Neno mgogoro nalo limechoka. Kwa masikio ya mwanafunzi wa Morogoro, mgogoro ni wa wakulima na wafugaji, au wa mpaka wa shamba. Ni pande mbili zinazoonekana, tena mara nyingine zenye silaha. Haishangazi basi kwamba akiambiwa ataje migogoro katika riwaya, hutafuta majina mawili na kuweka neno "kati ya" baina yake. Baba na binti. Tajiri na maskini. Mjini na shamba. Akizipata jozi tano, amemaliza kazi. Swali la nani ana haki, au kama pande zote mbili zina haki, halimjii kabisa.

Historia ya milima hii inatuonya kwamba hata jina la mgogoro ni hukumu. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru walikataa kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni katika mpango wake wa matumizi ya ardhi, na huko Matombo mambo yakafikia mapambano na polisi. Tukiandika "fujo za Uluguru" tumekwisha kuhukumu. Tukiandika "upinzani wa Waluguru" tumehukumu pia, kwa upande wa pili. Tukiandika "mgogoro" tumejificha. Hapana neno lisilo na upande, lakini mwandishi mwaminifu hujua ni upande gani neno lake limekaa, na humwambia msomaji.

Kadhalika desturi ya utani, iliyo hai bado katika sehemu hizi, inatufundisha kwamba si kila tuhuma ni tuhuma. Mtani huja msibani akamwita marehemu mwizi na mlafi mbele ya wafiwa, wala hapana anayemshtaki. Maneno ni ya lawama, lakini uhusiano umeyaondolea sumu. Mhakiki anayesoma maneno ya mhusika bila kuuliza nani anamwambia nani, na kwa ruhusa gani, ataziona shutuma mahali penye utani, na utani mahali penye shutuma.

Kwa hali ile ya ndani, ambapo mtu amebanwa na mambo mawili yenye haki au mawili yenye ubaya, lugha ina neno mtanziko. Ni neno zuri, nalo hutukumbusha tanzi: kila ukijivuta linazidi kukaza. Kinjeketile yumo katika mtanziko. Hana mgogoro na mtu yeyote wakati ule isipokuwa yule aliyemfunga, na huo si mkasa wake mkubwa. Tuliache neno mgogoro lihusu pande mbili, tulitumie mvutano kwa maadili yanayogombana ndani ya jamii, na tulihifadhi mtanziko kwa mtu asiye na njia njema ya kutokea.

Pingamizi na mapendekezo

Wapo watakaosema kwamba fasihi si mahakama, na kwamba tukiwafunga wahakiki kwa istilahi za sheria tutaukausha uhakiki. Pingamizi hili lina uzito, lakini limeelekezwa mahali pasipo pake. Hatusemi mhakiki awe hakimu. Tunasema kwamba tayari amekwisha kujifanya hakimu, tena asiyesikiliza upande wa pili, na kwamba maneno yaliyopangwa vizuri ndiyo yatakayomrudisha kwenye kiti cha msikilizaji.

Wapo pia watakaosema kwamba watu wa mitaani hawayatenganishi maneno haya. Hilo si kweli. Mtoto wa "nitakushtaki kwa mama" ni shahidi wetu. Wanaoyachanganya ni sisi tulioenda shule. Mwandishi wa habari huandika "mtuhumiwa" kwa mtu aliyekwisha kusomewa mashtaka, na "mhalifu" kwa mtu aliyekamatwa asubuhi. Afisa utumishi humwandikia mfanyakazi barua ya kutakiwa kujieleza, na barua hiyo hiyo huanza kwa maneno "kutokana na kosa ulilolitenda". Sasa huyu atajieleza nini, ikiwa hukumu imetangulia katika mstari wa kwanza?

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Mtuhumiwa atumike kwa anayesemwa kabla ya shtaka kufunguliwa. Mshtakiwa baada ya hapo. Na mwenye hatia baada ya hukumu tu. Utaratibu huo ufuatwe katika vitabu vya uhakiki kama unavyofuatwa katika Katiba.

2. Shutuma na lawama zisitumike badala ya shtaka. Palipo na watu wawili bila mwamuzi, tuseme lawama, shutuma, kusuta au kusingizia, kwa kadiri tukio linavyodai.

3. Dhamiri libaki kuwa neno la sauti ya ndani ya wema na ubaya. Nia litumike kwa azimio la moyoni lenye matokeo ya kisheria, na kusudi kwa lengo lake.

4. Kuhusu dhamira na maudhui, mabaraza ya lugha na vyombo vya mitihani vya nchi zetu vikutane na kuafikiana. Mpaka hapo, kila mtungaji wa swali aeleze analitumia neno dhamira kwa maana ipi.

5. Mgogoro, mvutano na mtanziko yafundishwe kuwa maneno matatu yenye maana tatu.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa umma wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, kisha watuandikie yanapofaa na yanaposhindwa. Pengine mtu wa Pemba, wa Mombasa au wa Bukavu ana neno bora kuliko tulilolipendekeza, nasi tutalipokea kwa furaha. Ila jambo moja hatuwezi kuliacha: kila kijana anayepita chini ya jina la Solomon Mahlangu hapa Mazimbu afundishwe kuuliza, kwa Kiswahili sahihi, yule kijana alishtakiwa kwa lipi, alihukumiwa kwa lipi, na je, mambo hayo mawili yalikuwa ni jambo moja?